Mama Yake Nani?

Babu yangu mzaa mama tulimzika Pangani, alasiri moja ya mwaka 2006. Nasema tulimzika kwa mazoea ya lugha tu, maana kwetu wanawake hatufuati jeneza. Wanaume walikwishatoka naye, tahalili ikafifia upande wa minazi, nasi tukabaki na zamu yetu: majungu mekoni, mchele unachambuliwa juu ya majamvi, wazee wa kike wameegemea ukuta na tasbihi zao. Haukupita muda akaingia mtoto wa kiume, umri kama miaka kumi na miwili, baiskeli kaitupa uani, kanzu kaipandisha mpaka magotini. Akasimama mlangoni, akasema kwa mkupuo:

"Wanauliza kule, mama yake babu alikuwa akiitwa nani?"

Kimya kikatanda. Ukumbi mzima, wanawake wasiopungua arobaini, kila mmoja akamtazama mwenziwe.

Kwa msomaji ambaye si wa Pwani, nieleze. Maiti akishafukiwa, shehe huketi kichwani mwa kaburi akamsomea talakini. Humwita, humkumbusha majibu atakayowapa malaika wakija kumuuliza Mola wake nani na Mtume wake nani. Katika mwito huo haitwi kwa jina la baba, huitwa kwa jina la mama. Mtu aliyeishi miaka tisini akijulikana kwa ubini wa baba yake, kwenye cheti, kwenye kadi ya chama, kwenye stakabadhi za nazi, siku hiyo moja huitwa mwana wa fulani, na fulani huyo ni mwanamke. Na kama jina la mama halijulikani, basi huitwa mwana wa Hawa, kwa mama yetu sote. Kwa hiyo udongo ulikuwa unajazwa na shehe alikuwa anangoja.

Mama mdogo akataja jina. Wengine wakaitikia kwa vichwa, ndiyo, ndiye huyo, ndiye aliyemlea. Mtoto akageuka aondoke. Hapo Bi Mkubwa, dada yake babu kwa baba, macho yake yamekwisha kuingia ukungu, akapiga fimbo sakafuni.

"Huyo ni mama yangu mimi," alisema. "Kaka alinyonya kwa mama yangu. Hakuzaliwa na mama yangu."

"Basi mama yake nani?"

Bi Mkubwa akaninyooshea fimbo mimi, niliyekuwa na ungo wa mchele mapajani. "Huyo hapo. Mwulizeni jina lake la cheti."

Nikalitaja. Mtoto akalirudia mara mbili asije akalisahau njiani, akarukia baiskeli yake.

*

Nilikuwa na miaka thelathini na miwili siku hiyo, na nilikuwa sijui kwamba jina langu lilikuwa la mtu.

Nyumbani sikuwahi kuitwa kwa jina hilo. Mama yangu ananiita Bibi. Mama wadogo, wajomba, majirani, wote Bibi. Nilidhani ni utani wa utotoni uliogoma kukua. Kwetu ukimpa binti jina la mkwe au la mzee, humwiti kwa jina hilo, unaona haya. Humkemei mtoto kwa jina la mama mkwe wako, wala huwezi kusimama uani ukapaza sauti, "We fulani, njoo uoshe vyombo!" Mtoto huitwa Bibi, au Mama, au Somo, na jina lenyewe hulala kwenye cheti. Desturi hiyo naijua tangu zamani. Nilichokuwa sijui ni Bibi yupi.

Babu naye alikuwa na lake. Aliniita Mama. "Mama, niletee maji." "Mama, umekula?" "Mama, usikae kizingitini." Wazee wa Pwani wote huwaita watoto wa kike mama, huo ni upole wao tu, ndivyo nilivyojua. Wajukuu wa kike tulikuwa tisa. Baada ya mazishi nikakaa nikahesabu, nikakumbuka kwamba wale wanane wengine aliwaita kwa majina yao.

Mama anasema nilipozaliwa, mwaka 1974, babu alikuja asubuhi, akasimama mlangoni, akasema jina, akaondoka. Hakutoa sababu. Baba yangu alikuwa na jina lake alilolipenda, lakini nani angembishia mkwe?

*

Watu hudhani majina ya wanawake wa zamani yamepotea kwa sababu hakuna aliyewajali. Siku hizi nadhani kwetu yalipotezwa zaidi na heshima.

Fikiri mwendo wa jina la mwanamke katika mji mdogo wa Pwani. Analitumia mpaka avunje ungo. Akiolewa, mumewe halitaji mbele za watu, atasema "watu wa nyumbani" au "mama watoto." Akizaa, anakuwa Mama Fulani, tena Fulani huyo mara nyingi ni mtoto wa kiume. Akizeeka anakuwa Bibi Fulani. Akifiwa na mume anakaa eda, miezi minne na siku kumi, na katika siku hizo mtaa mzima humwita kizuka. Jina lake linafungiwa kama dhahabu katika kijaluba, na mara ya mwisho kusemwa waziwazi na mwanamume pengine ilikuwa siku ya ndoa, baba yake alipoulizwa na kadhi kama amekubali kumwoza binti yake kwa mahari kadha wa kadha. Mara nyingine ni kule makaburini, juu ya mwanawe, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kuoza zamani.

Na kaburi lenyewe halimsaidii. Makaburi ya watu wa kawaida kwetu hayana maandishi. Yana mashahidi mawili, kichwani na miguuni, ya jiwe la matumbawe au ya ubao, basi. Mvua miaka thelathini, mbuzi, mizizi ya mwembe, na shahidi limelala ubavu, huwezi kusema ni la nani. Tena waliokuwa wakilijua jina vizuri, wanawake wenzake, ndio wasiokwenda makaburini, na waliokwenda makaburini wakaijua sehemu, wanaume, ndio wasiolitaja jina. Mjuzi wa hili hajui lile. Wote wawili wakifa, kazi imekwisha.

Nisijibiwe hapa kwa Mwana Kupona na Siti binti Saad. Nawajua, nawapenda, tumewasoma na kuwasikia. Lakini hao ni minara. Mimi nasema habari za wanaokaa chini ya mnara wakichambua mchele.

*

Baada ya arobaini nikarudi Pangani, peke yangu, na kilo mbili za sukari na kanga doti moja kwa ajili ya Bi Mkubwa. Nilikwenda na daftari. Kosa. Aliposikia karatasi inafunuliwa akanyamaza, akaendelea kusuka ukili wake kwa vidole visivyohitaji macho. Siku ya pili nikaacha daftari chumbani, nikamkatia milala, tukaanza.

Hakumwona mtu huyo. Yeye alizaliwa baadaye. Yote aliyoyajua aliambiwa na mama yake, yaani mke mwenza, na mama yake hakuwa mtu wa maneno mengi. Yakichujwa, ni mambo matatu. Alikuwa na viganja vigumu. Alipocheka alijiziba mdomo. Na alipofika Pangani alikuwa mdogo, "kabebwa."

Nilianzia kwenye viganja, kwa kuwa hicho ndicho nilichoweza kukifuata.

"Viganja vya nini? Jembe?"

"Jembe! Jembe kila mtu analo. Usumba."

Kama hujapata kuona usumba unavyofanywa, usidharau kamba ya kitanda. Nazi ikishafuliwa, makumbi hayatupwi. Wanawake huyabeba kwa makanda mpaka pwani, kwenye tope ambalo maji kujaa hulifunika na maji kupwa huliacha wazi, wakayafukia humo na kuyawekea mawe. Yatakaa miezi. Bahari inaingia na kutoka, nyama ya kumbi inaoza, unabaki uzi. Siku ya kufukua hujitambulisha kwa harufu kabla ya mtu kusema: yai viza, choo, na chumvi. Unaingia topeni mpaka magotini, unatoa kumbi moja moja, unaliweka juu ya jiwe, unaliponda kwa rungu mpaka litoe maji meusi, unalisuuza, unaliponda tena. Kisha nyuzi huanikwa, zikikauka zinang'aa rangi ya asali, ndipo huketi kivulini ukazisokota kwa kiganja juu ya kiganja, pindi kwa pindi. Kazi hiyo ndiyo inayokula ngozi. Bi Mkubwa alisema mama yake alikuwa akimtambua mke mwenza gizani kwa kumshika mkono.

Kamba hizo zilifunga vitanda, zilivuta ndoo visimani, zilikaza matanga ya majahazi yaliyobeba nazi na samli kwenda Unguja. Bei yake ilikuwa ndogo, na pesa zenyewe sijui ziliingia mkononi mwa nani.

Pangani ya vitabu ni nyingine. Kila aliyesoma historia ya shule anajua kwamba Agosti 1888 Emil von Zelewski, yule ambaye watu walimpa jina la Nyundo, alitua hapa kwa niaba ya kampuni ya Wajerumani, wakaingia msikitini na mbwa, mji ukachafuka. Anajua kwamba Abushiri bin Salim alinyongwa hapahapa tarehe 15 Desemba 1889. Anaweza kukuonyesha boma. Julai 1916 Waingereza nao wakautwaa mji. Mwanamke wangu alikuwa hai siku hiyo, na kwa hesabu za familia alikuwa na mimba ya babu au amekwisha kumpakata, kwani babu alisemwa kuwa "mtoto wa manowari." Manowari ziliposimama mbele ya mlango wa mto, watu walikimbilia mashambani. Alikimbia na nini? Mtoto? Kamba zake? Bi Mkubwa hajui. Nilimuuliza mara tatu, mara ya tatu akaniambia nimsogezee kikombe.

*

Sasa "kabebwa."

Neno hilo alilitamka kwa sauti ya chini, ingawa tulikuwa wawili tu na paka. Nami nilielewa, kisha nikajifanya sikuelewa, ili aseme. Hakusema. Ikabidi nipige hesabu mwenyewe.

Pangani ilikuwa mji wa miwa. Kandokando ya mto, tangu katikati ya karne ya 19, kulikuwa na mashamba ya Waarabu na mitambo ya kusindika sukari, na yote yaliendeshwa kwa watumwa. Mwaka 1873 baadhi yao walitoroka kwa mamia wakajenga makazi yao Kikogwe, ng'ambo ya mto. Lakini mtu wangu hakuwa amezaliwa bado. Kama alizaa 1916 akiwa kijana, basi alikuja Pangani mtoto mdogo miaka ya mwisho ya karne ile, na miaka hiyo kuna jambo moja kubwa: njaa ya 1898 mpaka 1900 iliyoipiga bara ya Tanga. Katika njaa za namna ile watoto wa kike waliwekwa rehani kwa watu wenye chakula. Kibaba cha mtama, mtoto. Mzazi akirudi na malipo humchukua mwanawe, na asiporudi, mtoto amekwisha kuwa wa nyumba ile. Siwezi kuthibitisha kwamba ndivyo ilivyokuwa. Nasema tu kwamba mtoto anayebebwa kuja mji wa pwani katika miaka hiyo, na ambaye hakuna anayejua kwao ni wapi, hakuja kutembea.

Kuna na jina. Jina langu. Mama yangu ameniomba nisiliandike hapa, nami nimemtii. Nitasema hivi: ni jina la kitu kinachonukia, kinachopimwa kwa ratili, kinachouzwa dukani. Nilipokuwa darasa la tatu mwalimu alilicheka mbele ya wenzangu, akauliza kama ndugu zangu wanaitwa Binzari na Hiliki. Zamani wenye nyumba waliwapa wajakazi majina kama hayo, Zafarani, Faida, Tausi, Mauwa, majina mazuri ya vitu. Watu huru walikuwa na kina Fatuma na Mwanahamisi. Si kila aliyeitwa jina la kitu alikuwa mjakazi, na leo majina hayo ni ya kila mtu. Lakini kwa mtu wa rika la babu, aliyekulia Pangani ile, sikio halikukosea.

Nikasoma sheria. Wajerumani hawakupiga marufuku utumwa hapa. Walitoa hati za uhuru, makumi ya maelfu, na wakaamuru kwamba mtoto atakayezaliwa na mtumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 awe huru. Utumwa wenyewe ulifutwa Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Unguja waliufuta 1897, lakini wakawaacha nje masuria mpaka 1909, kana kwamba suria si mtumwa bali ni fanicha ya ndani. Weka tarehe hizo mezani, kisha umweke mwanamke aliyekufa 1918. Kama hakuwa na hati mkononi wala bwana wake hakumwacha huru, basi kisheria alikufa mtumwa, na mwanawe wa miaka miwili alikuwa huru. Walilala kitanda kimoja, kilichofungwa kwa kamba za viganja vyake, mmoja mali na mmoja mtu.

Tena kwa sharia yetu mtoto wa suria ni mtoto kamili wa baba yake. Anarithi, anabeba ukoo. Ndiyo maana babu aliweza kutuhesabia baba zake saba bila kukosea, na alipenda kufanya hivyo, hasa mbele ya wakwe. Upande wa mama hakuwahi kutaja hata mmoja. Nilikuwa nadhani ni mambo ya wanaume wa zamani. Sasa nafikiri kulikuwa na vitu viwili vimevaa kanga moja, heshima na aibu, na kwa nje huwezi kuvitofautisha. Aliyelificha jina la mama yake kwa miaka tisini ndiye huyohuyo aliyelipa mjukuu, akaliweka kwenye cheti cha serikali, kisha akaniita Mama.

Baadaye binamu yangu aliyekuwapo kaburini aliniambia shehe alisoma talakini kwa Kiarabu. Kuna mwito mmoja wa talakini ambao maana yake ni: ewe mja wa Mwenyezi Mungu, mwana wa mjakazi wa Mwenyezi Mungu. Mjakazi. Sisi sote, hata kina Fatuma.

*

Kifo chake kina masimulizi mawili, na kwa muda mrefu nilidhani moja ni uongo.

Upande wa wanaume, kwa kinywa cha mzee mmoja wa ukoo, alikufa kwa homa. "Homa ile iliyozoa watu." Upande wa wanawake, kwa kinywa cha Bi Mkubwa, alikufa na mtoto tumboni.

Homa ile naijua kwa jina lake la vitabuni: mafua makuu ya 1918, yaliyozunguka dunia nzima na kufika bandari zetu miezi ya mwisho ya mwaka huo, wakati von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, anamaliza vita vyake vya kukimbizana mpaka kujisalimisha Abercorn, Mbala ya Zambia ya leo, Novemba 25. Yalikuta watu waliokwisha kuchoka. Chakula kilikuwa kimechukuliwa na majeshi ya pande mbili. Wanaume walikuwa wamezolewa kwenda kubeba mizigo ya vita, wakafa kwa makumi ya maelfu, na kumbukumbu yao kubwa leo ni jina la soko la Dar es Salaam, Kariakoo. Wake zao je? Mke wa mpagazi aliyepotea hakukaa hata eda. Eda inataka habari ya kifo, na habari haikuja. Kulikuwa na wanawake Pwani hii waliozeeka hawajui kama ni wajane. Hao hata jina la kizuka hawakulipata.

Kilichonifungua macho ni jambo moja dogo: mafua ya 1918 hayakuua kama mafua mengine. Badala ya kuchukua vikongwe na vichanga peke yao, yalichukua watu wazima wenye nguvu zao, na katika hao, wajawazito waliathirika kuliko wengi. Basi mzee hakusema uongo, na Bi Mkubwa hakusema uongo. Wanaume waliona homa kwa sababu mjini kulikuwa na homa. Wanawake waliona mimba kwa sababu wao ndio waliomwosha.

Na mwenye kufa na mimba yake tumboni, kwa imani yetu, ni shahidi. Mke mwenza ndiye aliyemwosha, akisaidiwa na mkunga. Sanda ya mwanamke inataka nguo tano, na nguo ilikuwa adimu tangu vita vilipoanza. Merikani haikupatikana. Walimkafini kwa kanga zake mwenyewe, zilizofuliwa, na Bi Mkubwa alikuwa akijua kwamba moja ilikuwa ya mke mwenza, kwa kuwa zake hazikutosha. Hilo aliambiwa kwa hakika, maana mama yake aliisikitikia kanga ile mpaka uzeeni. Nilicheka. Naye akacheka, akasema, "Usicheke, ilikuwa mpya."

Naipenda kanga hiyo kuliko mambo yote niliyoyapata. Wakati ule kanga haikuwa nguo ya kufutia mikono. Wajakazi walivaa kaniki nyeusi, vichwa wazi. Mwanamke aliyepata uhuru wake, kitu cha kwanza alichokitafuta dukani kwa Mhindi kilikuwa kanga. Kuwa nazo, hata pungufu, ilikuwa kusema neno. Na mwenziwe akamwongezea ili ahesabiwe tano.

Siku ileile mke mwenza alikuwa na kichanga chake. Akamchukua yatima wa miaka miwili akamweka kwenye ziwa la pili. Kichanga kile hakikuishi. Babu akaishi miaka tisini.

*

Tangu hapo nimekuwa na tabia mbaya kwenye misiba, nauliza, "Alikufaje?" Siulizi ya marehemu wa leo, sina wazimu. Nauliza ya mama zao na bibi zao. Jibu la kwanza ni lilelile, amri ya Mungu. Nangoja. Nachambua mchele. Jibu la pili huja likiwa limepinda: alikuwa na miguu iliyovimba, alianza kuona vimulimuli, akaanguka akakakamaa, wakampeleka kwa mganga wakasema ni pepo wa pwani. Kifafa cha mimba, nasema moyoni. Mwingine: mtoto alitoka salama, kondo likakataa. Mwingine alikuwa akivuka kutoka Bweni na mtumbwi, ana kikapu cha ndizi, mto umejaa. Mwingine, huyu wa kwetu kabisa, alikatwa na shoka mguuni akipasua kuni, kidonda kidogo tu, siku ya nane taya zikafunga. Pepopunda. Alikuwa anajiandaa kwa harusi ya nduguye na kanga za sare zilikwisha kununuliwa, akaacha deni dukani la rupia mbili, na deni hilo ndilo lililomfanya akumbukwe, kwa kuwa kaka yake alililipa kwa awamu na kulalamika mpaka kufa kwake.

Ninaona ndivyo wanavyobaki. Deni. Kanga mpya. Viganja. Mafaili ya kadhi yana wengine, waliokwenda kudai mahari au fungu lao la mirathi, na majina yao humo yameandikwa kamili, binti fulani bin fulani. Nawaonea wivu wajukuu wa wanawake wagomvi. Wangu hakudai kitu mahali popote.

*

Bi Mkubwa alikufa mwaka 2011. Safari hii sikutaka tukimbizane na baiskeli. Alikwisha kunitajia jina la mama yake, yule wa kanga, na la mama wa mama yake pia. Usiku ule, wakati anafukizwa udi ndani, niliandika jina kwa kalamu ya wino kwenye karatasi ya daftari, herufi kubwa, nikaikunja mara nne. Asubuhi nikampa yuleyule mtoto, sasa kijana mwenye masharubu, nikamwambia: "Ukiulizwa, unalo." Akalitia kwenye mfuko wa kanzu.

Hakuulizwa. Shehe alikuwa mgeni, kijana, aliyesoma mbali, na kwake talakini haina asili katika mafundisho. Waliomba dua fupi, kila mtu kimoyomoyo, wakatawanyika. Sigombani na shehe, elimu yake ni yake. Kijana alirudi akanawa mikono, akala pilau, mimi sikuuliza mpaka usiku.

Karatasi ilibaki mfukoni. Kanzu ikaingia kwenye beseni pamoja na nguo nyingine za msiba, na alipoikumbuka ilikuwa imekwisha kuwa tonge la uji. Anayo kanzu hiyo mpaka leo, huivaa Ijumaa. Upande wa kifua, kwenye mfuko, ina doa la buluu ambalo mkewe amelisugua kwa ndimu na kwa majivu, halitoki.